Gurudumu Jipya katika Gari Kongwe
Mazungumzo na madereva, mafundi na wasafiri wa mwambao



Tumeombwa tuzungumze juu ya magurudumu, nasi tumeona ni heri tuanzie baharini. Mtu wa Fuma, sawa na mtu wa Koyama, Chovai au Chula, chombo chake cha kwanza ni mashua, na safari zake huzipima kwa pepo za kusi na kaskazi. Lakini safari yake haimaliziki ufukoni. Akishuka Kismayu, au Ras Kamboni, au akija kwa jamaa zake Kiunga upande wa Kenya, huiacha mashua na kupanda gari. Na si ajabu gari hilo likawa kongwe kuliko dereva wake, Land Rover ya mwili wa alumini au Land Cruiser ya miaka ya 1970. Hatuyadharau magari hayo. Yana springi za bapa zinazostahimili mizigo na injini ambazo fundi aliyezizoea huzifungua bila kompyuta. Tatizo huanza siku mwenye gari anapotaka kulivika viatu vipya.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Rimu za aloi zinazong'aa, zilizotoka kwenye gari la juzi, hupendeza machoni, na pengine huuzwa kwa bei nafuu kuliko za chuma. Fundi huzijaribu, nati zikaingia, gari likashushwa kwenye jeki, abiria wakapanda. Hoja yetu leo ni hii: gurudumu kukubali kuingia si sawa na gurudumu kufaa. Fundi wa jahazi hachukui mlingoti wa chombo kingine kwa kuwa tu umesimama. Hupima shina lake kwanza. Nasi tunaomba gari lipewe heshima hiyo hiyo.

Tuitazame Land Rover. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948 ilikuwa na bolti tano katika duara la milimita 165.1, na duara hilo hilo lilibaki katika Defender mpaka ile ya mwisho ya mtindo wa zamani ilipotoka kiwandani Januari 2016. Kwa hiyo rimu ya Defender hiyo inaweza kukaa juu ya Land Rover ya babu. Lakini Discovery ya pili, iliyotoka mwaka 1998, ina duara la milimita 120, ingawa nayo ina matundu matano. Kuhesabu matundu hakutoshi. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu jirani: kwa rimu ya zamani utapata karibu milimita 97, kwa hiyo nyingine karibu 70 na nusu. Tumesikia habari za watu wanaotoboa matundu mapya kati ya yale ya zamani ili rimu ikubali. Rimu iliyotobolewa hivyo ni ya kutupwa, wala hatuna maneno laini zaidi ya hayo.

Kwa Toyota, mtego umejificha zaidi. Land Cruiser za kale, Hilux na Prado zilizofuata zilitumia bolti sita katika duara la milimita 139.7, zile kubwa za mfululizo wa 100 na 200 zikahamia bolti tano katika duara la 150, na hapo hakuna wa kukosea. Kisha mwaka 2021 ikaja Land Cruiser 300, nayo ikarudi kwenye bolti sita na milimita 139.7. Mtu akaona: hizi ni zile zile. Sizo. Tundu la katikati, linalokumbatia kitovu cha ekseli ambacho mafundi hukiita habu, ni milimita 95.1, ilhali habu za Toyota za zamani zenye bolti sita huhitaji takriban milimita 106 au zaidi. Tena bolti za gari jipya ni nene, milimita 14, na za zamani ni 12. Anayelazimisha ndoa hii hulikwangua tundu la katikati kwa mashine ya kusagia, kwa mkono na kwa macho. Likishapanuliwa visivyo, rimu haina tena kinachoiweka sawasawa katikati. Hukaa upande kwa nusu milimita, na nusu milimita hiyo, gari likienda kasi, huwa mtikisiko usiokoma unaolegeza nati moja baada ya nyingine.

Na nati ndizo tunazotaka mzishike kuliko yote. Nati ya rimu ya chuma ina mdomo wa koni unaozama katika shimo lenye umbo hilo hilo. Rimu nyingi za aloi za Toyota hutaka nati ya namna nyingine, yenye shingo iliyonyooka na washa bapa. Ukifunga nati ya koni juu ya shimo bapa, inagusa kwenye ukingo mwembamba tu. Fundi ataikaza mpaka mishipa imtoke, na itaonekana imekaza kweli. Lakini aloi ni laini, ukingo ule utalika, na baada ya kilomita chache za matuta na mchanga nati inazunguka kwa vidole. Aloi pia ni nene kuliko chuma, hivyo bolti ya zamani huweza kuwa fupi mno, nati ikashika nyuzi tatu au nne. Gurudumu likichomoka hapo, halichomoki karibu na gereji. Linachomoka penye vichaka, jua likizama, gari limebeba mama mjamzito na magunia ya mchele, na msaada uko mbali. Sisi ndio tunaoitwa, na mara nyingine tunafika asubuhi.

Basi, nunua nati pamoja na rimu, za aina yake. Zikaze kwa kufuata umbo la nyota, si kwa kuzunguka duara. Baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, simama uzikaze tena, hata kama umechelewa.

Kuhusu upana tutasema machache. Rimu mpya huingia ndani zaidi, ikagusa ncha ya usukani au springi pale gari linapokata kona. Wapo wanaoisukuma nje kwa kuweka chuma cha kati, ambacho mafundi hukiita spesa. Uzito basi huhama, na beringi zikaanza kulia. Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili, gari likiwa na mzigo, kabla hujamlipa fundi.

Tairi nalo hubadilisha kipimo cha mwendo. Gari lililotengenezewa tairi la 205R16, lenye kipenyo cha takriban milimita 743, likivikwa 265/65R17, lenye milimita 776, litaonyesha kilomita 80 kwa saa huku likienda karibu 84. Si nyingi, lakini magari ya abiria nchini Kenya yamewekewa kikomo cha 80, na kifaa chetu hakisomi dashibodi. Tazama pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Sasa jambo linalotuhusu kwa kazi yetu. Gurudumu lina kwao. Rimu nne za gari la mwaka huu, zinazouzwa usiku bila karatasi, huenda zina mwenyewe anayezitafuta. Kwa upande wa Kenya, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa ni ya wizi. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 14. Kusema "niliuziwa tu" hakumtoshi aliyelipa robo ya bei. Taka risiti yenye jina la muuzaji, tarehe na alama zilizochorwa ndani ya rimu, na uiweke pamoja na hati za gari.

Tunajua wapo wanaosema askari huinama penye gurudumu ili kutafuta chai. Yule afanyaye hivyo anatuharibia sote. Askari akikusimamisha kizuizini, mwonyeshe risiti. Akitaka pesa, shika jina lake au namba yake ya kazi, mahali na saa. Malalamiko hupokewa kituoni kwa mkuu wa kituo, na pia na IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kuandika hujui? Nenda na mzee wa mtaa au kijana aliyesoma, akuandikie ukiwa umekaa naye, akusomee kabla hujatia kidole.