Redio ya Ridhaa Kasulu: Ujuzi Utakaobaki Nyumbani

Hotuba ya Kamati ya Fedha katika mkutano mkuu na harambee ya mwaka



Kila mwaka tunasimama hapa kuomba mabati, saruji na madawati. Mwaka huu tunayaomba tena, lakini tumeongeza jambo moja jipya: klabu ya redio ya ridhaa kwa vijana wetu wa sekondari kule nyumbani. Lilipotajwa kwa mara ya kwanza, wengi mliuliza, "Redio ya nini tena, na siku hizi kila mtu ana simu mfukoni?" Swali hilo ni la haki. Sisi tunaoshika daftari la fedha zenu ndio wa kwanza kupaswa kulijibu.

Tuanze na jina. Kama ilivyo timu ya ridhaa katika mpira, redio ya ridhaa ni ya watu wasiolipwa. Mtu hujifunza, huomba leseni, hupewa alama yake ya kuitia, kisha huzungumza na wenzake waliopewa leseni, wawe Kigoma, Nairobi au Japani. Hapiti kwenye mnara wa kampuni yoyote wala hanunui bando. Wenye redio hizi wana umoja wao wa kimataifa, IARU, ulioanzishwa Paris tarehe 18 Aprili 1925. Hapa nchini ipo Tanzania Amateur Radio Club, na majirani zetu wana Amateur Radio Society of Kenya. Alama za Tanzania huanza na 5H. Ukisikia 9U, anayeita yuko Burundi. 9Q ni Kongo ya Kinshasa. 5Z ni Kenya. 5X ni Uganda. Sisi tuliozaliwa karibu na mpaka tuna majirani wengi wa kuitana nao.

Ndugu zetu, watu wa Buha hatuhitaji kufundishwa thamani ya redio. Vita vilipozuka Burundi Oktoba 1993, na Rwanda mwaka 1994, watu walivuka mpaka kwa makundi. Mwaka 1996 wakaja Wakongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena. Katika miaka hiyo redio ilifanya kazi ambayo hakuna kilichoweza kuifanya. BBC ilianzisha Gahuzamiryango mwaka 1994 ili waliopotezana watafutane kwa majina. Sisi wa Kiha tuliifuata bila mkalimani. Mwaka 1995 Radio Kwizera ikaanza kule Ngara chini ya shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, na sauti yake ikafika mpaka kwetu.

Hizo ni redio za kusikiliza. Ilikuwepo pia redio ya kujibizana, ile tuliyoiita simu ya upepo. Hospitali za misheni zilikuwa nayo, na ofisi za mashirika ya wakimbizi pia. Kabla ya minara ya simu, gari likikwama njiani au dawa zikiisha, simu ya upepo ndiyo iliyopeleka habari.

Sasa jiulizeni, wenye ujuzi wa mitambo ile wako wapi leo? Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Shirika likifunga ofisi hushusha antena yake, hufunga mitambo kwenye makasha na kuondoka nayo. Hilo si kosa, kwa maana mali ni yao. Lakini na ujuzi nao huondoka. Kijana wa pale kijijini aliyekuwa akiutazama mlingoti ule kila siku hubaki bila kujua hata waya ule ulikatwa kwa urefu gani, na kwa nini.

Hapo ndipo tunapotaka fedha zenu ziingie. Hatuombi mlingoti mwingine wa kutazamwa. Tunaomba watoto wetu wajue jinsi unavyofanya kazi, ili atakayeondoka aondoke na ujuzi ubaki.

Na ujuzi wenyewe unashikika. Kijana wa sekondari anafundishwa mawimbi darasani na kuyajibu kwenye mtihani. Kwenye klabu anayapima kwa futi kamba. Redio ikituma kwenye megahezi 7.1, wimbi lake lina urefu wa mita 42 hivi. Antena ya nusu ya wimbi ni waya wa karibu mita 20, uliogawanywa katikati, mita 10 kila upande, ukafungwa juu ya miti miwili. Wimbi hilo hupanda angani, hugonga tabaka la juu lililochajiwa na jua, na kurudi chini mamia ya kilomita mbali. Ndiyo maana redio ya wati 100 inayotumia betri ya gari iliyopo Kasulu inaweza kusikika Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka, jioni anga ikiwa nzuri. Zile redio ndogo za mkononi hazifanyi hivyo. Zenyewe huenda hadi pale jicho linapoona, kwa hiyo aliye Heru Juu atasikika mbali kuliko aliye bondeni.

Wapo watakaosema minara ya simu imeenea, na ni kweli. Lakini mnajua kinachotokea mvua za masika zikichachamaa, umeme ukikatika siku mbili na betri za mnara zikaisha. Simu zote zinanyamaza kwa pamoja, kwa sababu zote zinategemea mnara uleule. Redio ya ridhaa haina mnara wa katikati. Kila mwenye redio na betri ni kituo kamili.

Mfano ulio wazi ni ule wa Desemba 2004. Wanaredio wa ridhaa wa India, wakiongozwa na mama mmoja aitwaye Bharathi Prasad, walikuwa visiwa vya Andaman kwa shughuli zao za kawaida za kuitana na dunia. Tarehe 26 bahari ikapanda. Ni tsunami ileile iliyofika hadi pwani yetu na kuua watu hapa Dar es Salaam. Kule visiwani simu zilikatika. Watu wale walihamisha mitambo yao, wakawasha na kuanza kupeleka majina ya walio hai kwa ndugu zao bara. Hakuna aliyewatuma kwenda kuokoa mtu. Waliweza kwa sababu walikuwa wamezoea, na redio zao zilikuwa tayari mezani.

Neno la kushika hapo ni mazoea. Klabu ya redio inaishi kwa watu wake kukutana hewani siku ileile, saa ileile, kila wiki. Mmoja huongoza, huita majina, na kila mmoja hujibu kwa alama yake na kumwambia mwenzake anamsikiaje. Tano na tisa maana yake nakupata vizuri kabisa. Wakimaliza hupeana 73, yaani salamu njema. Wakishazungumza na mtu wa mbali hutumiana kadi za posta za kuthibitisha, na kadi hizo hubandikwa ukutani. Mwezi Oktoba kila mwaka skauti wa dunia nzima hukutana hewani kwa siku kadhaa, desturi iliyoanza miaka ya 1950. Skauti wetu wa Kasulu wanastahili kuwemo. Na mwanachama akifariki, wenzake husema kibonyezo chake kimenyamaza, kwa maana ya kile kibonyezo cha kupigia alama za Morse, na alama yake hutajwa kwa heshima. Wanajuana, wanaulizana hali, wanazikana. Tofauti na chama chetu hiki ni waya tu.

Sasa tuwaambie na yale ambayo klabu hii haitafanya, ili asiwepo atakayechangia kwa matumaini yasiyo yake. Haitauza wala kununua. Huwezi kuulizia bei ya maharage au kahawa ya Manyovu kwenye redio ya ridhaa, biashara hairuhusiwi. Haitapiga muziki, haitatangaza siasa, haitatuma ujumbe wa mafumbo. Na haitawashwa hata dakika moja kabla ya leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Sisi ni watu wa mpakani. Mtambo usio na karatasi katika wilaya yenye kambi ya wakimbizi utamletea mwalimu na wanafunzi wake matatizo makubwa. Kwa hiyo uongozi wa wilaya, polisi na shule wataarifiwa kwa maandishi mapema, na mlango wa chumba cha redio utakuwa wazi kwa yeyote mwenye haki ya kukagua.

Jambo jingine ni radi. Radi ya kwetu mnaijua, na haihitaji kutumwa na mtu. Waya mrefu juu ya miti utaiita usipowekewa ulinzi. Katika bajeti kuna nondo za shaba za kuzamisha ardhini na swichi ya kutenga antena. Kanuni ya kwanza atakayofundishwa mtoto ni kuchomoa waya wingu likijikusanya. Anayetaka kupunguza gharama asianzie hapo.

Tuje kwenye hesabu. Redio mpya ya wati 100 inauzwa nje kati ya dola 700 na 1,200 za Marekani, kabla ya usafiri na ushuru. Waya, kebo, betri, paneli ya sola na ulinzi wa radi vinafuata. Vyote hivyo tumevipangia shilingi 40 katika kila shilingi 100 mtakazochanga. Shilingi 60 zinazobaki ni za watu: mkufunzi wa kuja mara kwa mara, nauli za walimu wawili kwenda kujifunza, ada za leseni na gharama za kuendesha klabu kwa miaka mitatu. Wapo kwenye kamati waliotaka iwe kinyume, vifaa vingi kwanza. Tuliwakumbusha kompyuta zilizofungiwa stoo katika shule nyingi nchini, zikiwa bado na plastiki zake. Kilichokosekana pale ni mtu wa kuziwasha.

Vifaa vyote vitakuwa mali ya chama, vikiwa na namba kwenye daftari la mali, na vitahesabiwa kila mwaka kama tunavyohesabu madawati. Malipo yatatiwa saini na watu wawili. Kila mchango utapata stakabadhi, hata wa shilingi elfu moja. Baada ya mwaka wa kwanza hatutawaletea picha ya mtambo. Tutawaletea kitabu cha kumbukumbu za hewani, chenye tarehe, saa na majina ya wanafunzi walioita na kujibiwa. Kitabu hicho kikiwa na kurasa tupu, mtaturuhusu kufunga mradi na kupeleka kilichobaki kwenye madarasa.

Wazee wetu, hatusemi redio ni bora kuliko darasa. Darasa lenu la mwaka huu lipo ukurasa unaofuata, na fungu lake halijaguswa. Tunachosema ni kwamba kwa miaka thelathini dunia imekuja Kasulu na mitambo yake na kuondoka nayo. Mtoto wa Makere, wa Kitanga, wa Kagerankanda ana akili ya kuiendesha mwenyewe, na siku barabara imekatika na simu zimenyamaza ataweza kuita akasikika.

Fomu za ahadi ziko mezani kwa mtunza hazina. Mwenye fedha taslimu aweke leo, mwenye ahadi aandike tarehe. Na mafundi umeme, walimu wa fizikia, wastaafu wa jeshi na wa posta na simu mliomo humu, msiondoke kabla ya kuandika majina yenu. Tunawahitaji ninyi kuliko pochi zenu.