Ngozi na Chakula cha Mlimani

Yeyote apitaye alfajiri katika soko la Morogoro, akayatazama makapu ya karoti, kabichi na njegere yaliyoteremshwa kutoka Mgeta, katika milima ya Uluguru, hana budi kustaajabu kwamba tungali tunaitafutia ngozi siha yake katika vichupa vya dukani, ilhali siha hiyo huanzia kwenye chakula. Tabibu Joseph Goldberger wa Marekani alibainisha, mwaka 1915, kwamba pelagra, maradhi yaunguzayo ngozi ya shingo na mikono ipigwayo na jua, hayaletwi na vijidudu bali na chakula duni cha mahindi. Na mwaka 1937 ikadhihirika kuwa kilichopungua ni vitamini iitwayo niasini.

Ugali si adui, hasha. Dhiki huja ukiliwa karibu peke yake kila siku, bila maharage, karanga, samaki wala maziwa, ilhali maziwa hayo yapatikana Uluguru kwenyewe, kwa mbuzi wa asili ya Norwei walioletwa Mgeta miaka ya 1980. Pombe nyingi nayo huzidisha upungufu huo, jambo ambalo wanywaji hawapendi kulisikia. Mwenye mabaka yaliyong'ang'ania shingoni, kabla hajanunua mafuta mengine, na amweleze tabibu alacho na anywacho.