Raha ya Kuicheka Sinema Mbovu



Kamati iliponitaka nizungumze, iliniomba jambo moja tu: nisiguse bei ya korosho. Nikakubali, maana bei hiyo ina wasemaji wa kutosha kutoka Masasi mpaka Newala. Nitazungumzia shughuli niliyoifanya kwa furaha tangu utoto bila kulipwa hata senti moja, nayo ni kuicheka sinema mbovu.

Ninyi vijana mnaotembea na sinema mfukoni mtaniwia radhi nikianza mbali. Televisheni huku Bara ilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo, vijijini kwetu Newala, sinema ililetwa na gari la serikali. Lilifika alasiri, likazunguka na kipaza sauti, na jua lilipozama shuka jeupe likatundikwa kwenye milingoti ya goli. Jenereta likanguruma, nasi watoto tukakaa mbele, mchangani. Filamu zenyewe zilikuwa za mafunzo: choo, mbu, mbolea, kuweka akiba. Nyingi zilikuwa na watu wawili, mmoja msikivu na mwingine mkaidi. Yule msikivu alivaa shati jeupe hata akiwa analima. Yule mkaidi alijua kucheza ngoma, kuteleza na kukimbizwa. Nadhani hamna haja ya kuniuliza tulimpenda nani.

Usiku mmoja tulionyeshwa filamu ya usafi. Mama mmoja nadhifu anafungua bomba, anapaka sabuni, anasugua mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, na maji yanakwenda tu. Sasa, mnaujua uwanda wetu wa Makonde. Maji yalikuwa bondeni, chini kabisa ya mteremko, na mama zetu walishuka alfajiri na kupanda na mitungi kichwani jua likiwa limekwisha kuwa kali. Kwanza uwanja ulinyamaza. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka nyuma: "Funga maji!" Wa pili akadakia: "Dada, funga!" Mara uwanja mzima unapiga kelele, funga, funga, na mama yule hana habari, yuko kwenye kidole gumba. Mtangazaji naye anaendelea kutueleza kwamba maji ni uhai. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku ile nimeona vichekesho vingi vilivyotengenezwa makusudi, na hakuna kilichoufikia ule.

Tuutazame uzito wa kicheko kile. Filamu za namna hiyo tulizirithi kwa Waingereza, na Waingereza walikuwa na nadharia yao. Mwaka 1935 hadi 1937 palikuwa na jaribio la filamu za elimu hapa hapa Tanganyika, huko Vugiri katika milima ya Usambara. Sauti za filamu zile zilikuwa katika sahani za santuri zilizopigwa kando ya picha. Wazieni wenyewe sahani ikiitangulia picha. Baadaye, mwaka 1939, ikaanzishwa London idara ya filamu za makoloni chini ya William Sellers. Idara hiyo iliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, kwa hiyo kila jambo liende polepole. Ndiyo maana vidole kumi viliweza kuchukua nusu ya filamu.

Kuna kisa kilichosimuliwa na Mwingereza mmoja, John Wilson, na mwaka 1962 Marshall McLuhan akakitia katika kitabu chake. Katika kijiji kimoja cha Afrika watu walionyeshwa filamu ya mkaguzi wa afya akiondoa maji yaliyotuama. Ilipokwisha wakaulizwa wameona nini. Wakajibu: kuku. Wenye filamu hawakumjua kuku yeyote. Wakairudia picha kwa picha, na kweli, kuku alikuwa amepita pembeni kwa muda wa sekunde moja hivi! Wasomi walikichukua kisa hicho kuwa ushahidi kwamba wanakijiji hawajui kutazama sinema. Mimi naona walimkagua mkaguzi. Mtu anayemwona kuku ambaye mpiga picha mwenyewe hakumwona, huyo hajui kutazama?

Wala ujuzi huu haukuletwa na gari. Aliyekulia huku ameona mapiko, kinyago kikimwigiza mzungu, karani au mlevi, na watazamaji wakipima kila hatua. Ameona pia mtani akimwigiza marehemu msibani, na wafiwa wakicheka machozi yakiwatoka. Yakaja mabanda ya video, na kina Lufufu, yaani Derek Mukandala, wakaweka sauti zao za Kiswahili juu ya filamu za kigeni, wakitafsiri na kutia chumvi zao. Filamu dhaifu ikipata msimulizi wa namna hiyo ilijaza banda.

Kicheko ninachokichukia ni kimoja tu, cha mtu aliyetoka dakika ya tano akaenda kuitangaza filamu kwamba ni takataka. Ukitaka kucheka, kaa mpaka mwisho. Tena utofautishe filamu iliyotengenezwa na mwenye fedha anayekuona mjinga na filamu iliyotengenezwa na maskini mwenzako kwa kamera ya kuazima.

Hapo nawageukia vijana wetu. Jana usiku bwaloni mlituonyesha filamu mliyoipiga kwa simu. Maiti alipumua. Halafu akajikuna pua, na mfiwa mkuu akatazama kamera kama anayeomba ruhusa ya kulia. Sisi wazee tukaangua kicheko, na nikamwona kijana aliyeipiga akitokea mlango wa jikoni. Inawezekana hakukiona kilichofuata, basi nimweleze. Kilipofika kipande cha bibi anayehesabu hela za korosho juu ya mkeka, akamaliza, akahesabu tena, bwalo lilikuwa kimya. (Kamati inisamehe, korosho nimezikuta humo ndani ya filamu.) Walionyamaza ni wale wale waliokuwa wakimcheka maiti. Jirani yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, alivua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi. Hakuna aliyetoka, ila mpiga picha.

Kwa hiyo tunaidai sehemu ya pili. Bibi abaki, na aachwe ahesabu polepole vile vile. Mfiwa mkuu afundishwe kutazama chini. Maiti apewe mwanakwaya wa besi. Hao ndio wanaoweza kuzuia pumzi.