FEDHA ZA SERIKALI NA RIZIKI YA NCHI YA KUSINI

(Maneno ya bwana shamba mstaafu mbele ya mkutano wa viongozi wa vijiji, walimu na wakulima)



Nimeombwa niseme juu ya fedha ambazo Serikali hutoa ili nchi iendelee, na namna ya kuzitumia zisipotee bure. Mimi si mtu wa Hazina. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa ubwana shamba, kwenda kwa miguu na kwa baisikeli toka shamba hata shamba, na niyajuayo nimeyajua kwa njia hiyo. Basi sitawaeleza habari za nchi za mbali. Nitasema juu ya nchi yetu hii ya Lindi na Mtwara, kwa kuwa sidhani kama iko sehemu nyingine ya Tanzania iliyomwagiwa fedha nyingi namna hii kwa mara moja, kisha ikaachwa, kisha ikamwagiwa tena.

Vijana waliopo hapa huzisikia habari za mpango wa karanga kama ngano za bibi. Si ngano. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na watu wake wakipimiwa chakula kwa vibali. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkubwa wa kampuni moja ya biashara, akatoa shauri kwamba karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Wakaletwa wataalamu chini ya Bwana John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa kilimo katika Tanganyika yenyewe. Walikaa wiki chache tu, na sehemu kubwa ya nchi wakaitazama toka juu, ndani ya ndege. Mapema mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ikakubali kwamba zisafishwe ekari 3,210,000, nyingi zake Tanganyika, kwa gharama ipatayo pauni milioni 25. Mahali palipochaguliwa katika Tanganyika palikuwa patatu: Kongwa, Urambo, na hapa kwetu Nachingwea.

Walianzia Kongwa, maana Reli ya Kati haikuwa mbali. Hesabu ya mvua ya miaka mingi haikuwapo, wala haikutafutwa kwa wale waliokuwa nayo kichwani; kwa maana mzee yeyote wa Kigogo angaliweza kuwaambia kwamba mvua ya nchi ile si ya kutegemea. Udongo wa pale ni mfinyanzi uliochanganyika na mchanga, na jua likiuwakia hugeuka kama sakafu, hata karanga zilizokwisha komaa hazikung'oleka kwa urahisi. Matrekta mengi yalikuwa yamekwisha tumika kabla ya kufika, nayo yakavunjika upesi kuliko yalivyoweza kutengenezwa. Mwaka wa kwanza walikusudia ekari 150,000. Hazikupatikana hata 10,000. Hata ilipofika Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango ule mkubwa umekoma, na hasara yake ni pauni milioni 36.

Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wa vijana waliokwenda Nachingwea kutafuta mshahara. Alikuwa akisema kwamba hajapata kuona fedha nyingi kama mwaka ule, wala mahindi machache kama mwaka ule, maana vijana wote walikuwa kwenye visiki na hapakuwa na wa kulima.

Lakini sikuja kuwacheka watu wa karanga. Kuwacheka ni kazi rahisi, na imekwisha fanywa na wengi. Nataka mtazame kilichosalia. Kwa ajili ya karanga ilijengwa reli toka ghuba ya Lindi hata Nachingwea, ikaanza kazi mwaka 1949. Kwa kuwa maji ya Lindi hayana kina cha kutosha kwa meli kubwa, ikachimbwa bandari mpya Mtwara, nayo ikafunguliwa mwaka 1954, miaka mitatu baada ya karanga zenyewe kufutwa. Reli haikupata mzigo wa kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, na vyuma vyake vikang'olewa. Bandari haikuweza kung'olewa, ikabaki. Kwa miaka mingi ikatumika kidogo sana, lakini siku ilipohitajiwa ilikuwapo, na miaka hii imeongezewa gati jipya la mita 300. Kwa hiyo, katika fedha zile, zilizoingia katika zao ambalo ardhi haikulikubali zilikufa zote. Zilizoingia katika kitu ambacho kila zao laweza kukitumia hazikufa, ijapokuwa zililala muda mrefu.

Sasa nitasema juu ya korosho, na hapa nawaomba mnivumilie, maana ndiyo habari ninayoijua kupita zote.

Mkorosho haukuletwa na mpango wowote wa Serikali. Wareno waliutoa Brazili tangu karne ya 16, ukamea pwani yote, na watoto wakala mabibo. Wakulima wa Makonde, Newala na Masasi waliona kwamba mti huu hukubali mchanga ambao mahindi huukataa, na kwamba miaka ya kwanza, kabla kivuli hakijafunga, mtu aweza kupanda mihogo na mahindi katikati ya miche yake. Basi katika miaka ile ile ambayo mashine zilikuwa zikivunjika Nachingwea, watu wenye majembe ya mkono walikuwa wakipanda mikorosho kidogo kidogo kandokando ya nyumba zao. Hakuna aliyewapa pauni milioni 25. Hata ilipofika msimu wa 1973/74, Tanzania ikauza tani zipatazo 145,000, na nyingi zilitoka huku kwetu.

Kisha yakaja mambo matatu kwa pamoja. Watu walihamishiwa katika vijiji vipya, na mikorosho yao ikabaki mbali, haipaliliwi. Bei aliyopewa mkulima ikawa sehemu ndogo ya bei iliyopatikana ng'ambo. Na ugonjwa wa ubwiriunga, ambao hushika maua kama unga mweupe, ukaenea. Miaka 12 au 13 baadaye mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Na katika muda huo huo wa kushuka, Serikali ilikuwa ikijenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho kwa mikopo, vikafika 12, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Fikirini jambo hilo. Mashine zilikuwa zikifungwa huku miti ikikauka. Vingine havikuwashwa kabisa, na deni lake likalipwa na watu wote, pamoja na wale ambao hawajapata kuuona mkorosho.

Kilichoiokoa korosho hakikuwa kikubwa machoni. Ni watafiti wachache wa Naliendele, karibu na Mtwara, waliochagua miche bora na kujaribu salfa juu ya maua, na mabwana shamba waliokwenda vijijini kuwaonyesha watu siku gani ya kupuliza. Nakiri kwamba hapa najisifu kidogo, maana nalikuwa miongoni mwao. Tangu mwaka 2007 ukaja utaratibu wa stakabadhi ghalani, mkulima akaweka korosho yake katika ghala ya chama na ikauzwa kwa mnada. Utaratibu huu una manung'uniko yake, nami nimeyasikia mengi, hasa juu ya makato. Hata hivyo msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000.

Na mwaka uliofuata twaliona jinsi riziki ya mlango mmoja ilivyo. Mwezi wa Juni 2018 sheria ilibadilishwa, na ile sehemu ya ushuru wa kusafirisha korosho iliyokuwa ikirudi katika zao lenyewe, yaani asilimia 65, ikapelekwa katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walipinga, na maneno yalikuwa makali. Msimu ulipofunguliwa wafanyabiashara wakatoa bei ndogo, wakulima wakagoma kuuza, na mwezi wa Novemba Rais Magufuli akaamuru Serikali inunue yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na askari wa jeshi waibebe. Bei ile ilikuwa njema, na watu waliifurahia. Lakini kabla ya kulipwa ilibidi kila mtu ahakikiwe kwamba ana shamba kweli wala si mtu wa kangomba, na malipo ya wengi yakachelewa sana. Walimu mliopo hapa mwakumbuka hali ilivyokuwa shule zilipofunguliwa Januari.

Watu husema dawa yake ni kulima mazao mengi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Wengi wetu tulipanda mbaazi ili tusitegemee korosho. Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya India, kwa kuwa wakulima wake wenyewe walikuwa wamevuna kwa wingi, ikaweka mpaka wa mbaazi zitakazoingia toka nje. Bei ikaanguka hata wengine wakaziacha shambani. Na mnunuzi mkubwa wa korosho ghafi kwa miaka mingi alikuwa nani? Alikuwa India hiyo hiyo. Mtu aliyekuwa na mazao mawili alikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Kwa hiyo nitakaposikia halmashauri imetenga fedha za zao jipya, sitauliza kwanza litamea namna gani. Mabwana shamba watalijua hilo. Nitauliza nani atalinunua, na kama yule akikataa, yuko mwingine? Ufuta, ambao Lindi huvuna kwa wingi, una wanunuzi wa nchi kadhaa, na huwezi kuharibika upesi ghalani. Korosho iliyobanguliwa haina haja ya kwenda India; yaweza kupelekwa katika nchi ambako watu huila.

Juu ya kubangua, sisemi vijengwe tena viwanda kama vile 12. Nimeona akina mama katika vikundi wakibangua kwa mashine ndogo za mkono. Kikundi kikikosa korosho mwaka huu, mashine zinasubiri kona ya nyumba na hakuna benki inayozidai. Wanachokosa ni fedha za kununulia korosho wakati wa msimu, kabla haijapanda meli. Mkopo mdogo wa miezi minne ungewafaa kuliko jengo, ingawa jengo lapendeza zaidi siku ya kukata utepe.

Gesi nitaipitia kwa haraka, maana ni habari kubwa na mimi si mjuzi wake. Ilionekana Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Mwaka 2013, ilipojulikana kwamba bomba litaipeleka Dar es Salaam, palitokea ghasia Mtwara mwezi wa Januari na tena mwezi wa Mei, na watu wakafa. Bomba likajengwa, likafunguliwa mwaka 2015. Sitaki kuyafufua maneno ya siku zile. Nasema hili tu: watu hawakuikataa Serikali kutumia gesi, walitaka kujua kitakachobaki nyumbani, na hakuna aliyewaeleza mapema kwa maneno wanayoyafahamu. Kazi ya kueleza ilikuwa rahisi kuliko bomba, nayo haikufanywa.

Lakini haifai nionekane kama mtu asiyeona jema. Wenye umri wangu wanakumbuka pantoni ya Rufiji, na jinsi masika yalivyotufungia huku kama kisiwani, sukari ikapanda bei na wagonjwa wakasubiri. Daraja la Mkapa, karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Halikuchagua zao. Mwenye ufuta amelipita, mwenye samaki amelipita, na mwanafunzi anayekwenda chuoni amelipita. Kama mngaliniuliza ni fedha gani ya Serikali iliyoleta faida kubwa kupita zote Kusini, ningalitaja daraja hilo na utafiti wa Naliendele, ingawa gharama zake hazifanani hata kidogo.

Sasa neno la nyumbani. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara unaolipwa kwa halmashauri uliwekwa kuwa shilingi 3 katika kila 100. Si nyingi, lakini ni zenu, na diwani wenu hukaa katika kikao cha kuzigawa. Wenyeviti wa vijiji, ombeni makisio yasomwe mbele ya watu, kwa Kiswahili, na walimu waandike tarakimu ubaoni, kama mfanyavyo kwa hesabu za watoto. Mkiona limeandikwa jengo, ulizeni mshahara wa mtu atakayekaa ndani yake umeandikwa wapi. Mkiona imeandikwa miche, ulizeni salfa ya mwaka wa nne. Mkiona barabara, ulizeni daraja la kijito, maana nimezitembelea barabara nyingi zinazoishia mtoni.

Nimesema kupita muda niliopewa. Mzee wa Newala aliyeniuliza mlangoni kama salfa huharibu udongo, nitaanza na swali lake, kisha wengine wanyoshe mikono.