Oili iliyofichika: Tubadilishe wenyewe oili ya gia boksi na difu

(Mazungumzo ya fundi magari mbele ya wanachama wa kikundi cha kijijini chenye Land Rover kuukuu)

Mmeniomba nizungumze juu ya matunzo ya gari. Jambo hilo ni pana, hatuwezi kulimaliza kwa siku moja. Leo nitasema juu ya oili ya gia boksi na ya difu tu.

Gari lenu ni Land Rover 109 ya Series III. Magari ya aina hiyo yalitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi mwaka 1985. Kwa hiyo gari lenu ni mzee, na limetembea sana. Hata hivyo ndilo linalobeba mazao yenu kwenda sokoni. Ndilo linalompeleka hospitali mama mwenye uchungu wa kuzaa, usiku na mvua inanyesha. Gia boksi ikifa njiani siku hiyo, je, mama huyo tutamwambia asubiri?

KWA NINI HUSAHAULIWA

Oili ya injini ina kijiti cha kupimia. Asubuhi dereva anakichomoa, anakifuta, anatazama. Lakini gia boksi na difu za gari hili hazina kijiti kama hicho. Oili yake imo gizani, chini ya gari. Tena haichafuki upesi kama ya injini. Basi watu hudhani ni ya milele.

Sivyo. Meno ya gia yanaposuguana hutoa unga wa chuma, nao hubaki ndani ya oili. Gari likiingia mtoni, difu iliyokuwa na moto hupoa ghafla. Hewa iliyomo ndani hunywea, na maji huvutwa kupitia sili zilizochoka. Oili yenye maji haiwezi kulinda chuma. Meno yatalika, beringi zitakwisha, na difu itaanza kulia.

Wako wanaosema, "Gari kuukuu usilibadilishie oili, utaliua." Kwa gia za mkono kama hizi, maneno hayo si ya kweli. Unga wa chuma haushikizi meno yaliyolika, bali unazidi kuyasaga. Kama baada ya kubadilisha mnasikia mlio au mnaona oili inavuja, jueni ugonjwa ulikuwamo tangu zamani. Magari ya gia za otomatiki yana mambo yake. Hayo yakianza kuteleza, mwoneni kwanza fundi wake.

SOMENI KOPO KABLA YA KUNUNUA

Ndugu zangu, hapa ndipo kujua kusoma kunapookoa fedha. Msimwambie muuza duka, "Nipe oili ya gia," mkaondoka. Shikeni kopo, msome.

Gari hili linatumia oili nzito ya gia, namba 90. Siku hizi kopo huandikwa 80W-90. Halafu tafuteni herufi GL na namba iliyo mbele yake. GL-4 inafaa gia boksi, kwa sababu ndani yake mna pete za shaba zinazosaidia gia kuingia. Baadhi ya oili za GL-5 zina dawa kali inayoweza kuzila pete hizo. GL-5 inafaa difu.

Wala msiige jirani. Land Rover za baadaye zenye gia tano, baadhi yake gia boksi hutumia oili nyepesi nyekundu, ile ya otomatiki. Magari mawili yanaweza kufanana kwa sura, lakini yakala chakula mbalimbali. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua.

Kiasi ni hiki: gia boksi kubwa, lita 1 na nusu. Gia boksi ndogo iliyo nyuma yake, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, lita 2 na nusu. Difu ya mbele, lita 1 na robo tatu. Difu ya nyuma, kama ni ile kubwa ya 109, lita 2 na nusu. Yale matufe mawili ya chuma kwenye magurudumu ya mbele, nusu lita kila moja. Jumlisheni. Mtapata lita 9 na robo.

KAZI YENYEWE

Kwanza endesheni gari kidogo, kama nusu saa. Oili ikipata joto inakuwa nyepesi, inatoka pamoja na uchafu wake. Lakini isiwe ya kuunguza mikono.

Pili, simamisheni gari mahali tambarare. Vuteni hendobreki na muweke mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Zimeni injini. Ufunguo akae nao yule anayeingia chini. Nasema tena: mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza, na gari halina huruma. Bahati nzuri Land Rover ni ndefu kwenda juu. Mtu anapita chini bila jeki, basi jeki iacheni.

Tatu, sugueni matope yote yanayozunguka nati, mchanga usije ukaingia ndani.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote: fungueni kwanza nati ya juu, ya kujazia. Ikishafunguka, ndipo mfungue ya chini, ya kumwagia. Kwa nini? Nati ya kujazia huenda haijaguswa miaka mingi, imekamata kwa kutu. Mkimwaga kwanza halafu ya juu ikakataa, gari litakuwa tupu na hamna pa kutia oili. Mtakwama hapo hapo. Ikikataa, ipakeni mafuta ya kulainisha kutu, mngoje hadi kesho. Msiipige hovyo.

Tano, wekeni karai chini, mfungue ya kumwagia, na muiache oili itoke mpaka iwe matone.

OILI CHAFU INASEMA

Msiitupe haraka. Itazameni, maana ni kama daktari anavyotazama damu.

Ikiwa nyeusi, ni uchovu tu. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Tafuteni sili iliyokufa. Unga laini wa kijivu kama tope ni kawaida kwa gari lililotembea sana. Lakini mkiona vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole, au kipande cha jino, simameni. Hiyo ni kazi ya fundi, na gari lisibebe mgonjwa mpaka litengenezwe.

Pimeni pia kwa chupa ya lita moja, kila sehemu mbali. Difu ikitoa nusu lita tu, inavuja. Gia boksi kubwa ikitoa pungufu na ile ndogo ikatoa zaidi ya kiasi chake, oili inapita katikati yao kupitia sili mbovu. Bila kupima hamtajua.

KUJAZA

Futeni nati ya kumwagia, mweke washa mpya, mfunge. Kazeni imara, lakini msiirukie spana kwa miguu. Mwili wa gia boksi ni aluminiamu, na hesi zake zikikatika hasara ni kubwa.

Oili hii ni nzito. Wekeni kopo juani kwanza. Chukueni mpira safi na faneli. Mmoja amimine akiwa juu, mwingine ashike ncha ya mpira kwenye tundu. Jazeni mpaka oili ianze kutiririka kwenye ukingo wa tundu la kujazia. Hapo imetosha. Fungeni. Mkizidisha, itasukuma sili na kutoka nje. Kisha zungukeni kidogo na gari, mrudi, mtazame kama kuna tone.

OILI CHAFU MSIIMWAGE

Oili hiyo ni sumu. Msiimwage shambani, kisimani wala mtoni. Msiipake vidonda vya ng'ombe wala mbwa. Itieni kwenye dumu lenye kifuniko, muandike "OILI CHAFU", mtoto asije akadhani ni ya kupikia. Gari likienda mjini, ipelekeni gereji inayokusanya. Nanyi naweni mikono kwa sabuni.

DAFTARI

Mwisho, nunueni daftari. Andikeni tarehe, kilomita, lita zilizotoka, lita zilizoingia na rangi ya oili. Kagueni kiasi cha oili kila kilomita 10,000. Kila kilomita 40,000 badilisheni yote, na mapema zaidi kwa barabara zetu za matope. Gari likivuka maji marefu, kagueni siku ile ile, msingoje kilomita. Dereva akiondoka, daftari litabaki na kumfundisha atakayemfuata.

Ndoo moja ya oili haifikii hata kidogo bei ya gia boksi nyingine. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi kazi ya leo si kubwa: mkitoka hapa, vijana wawili waende na spana wakajaribu zile nati za kujazia. Zikifunguka, tumeanza.

Sasa nangoja maswali yenu.