Ukavu wa Uke Baada ya Kukoma Hedhi: Tiba Zisizo za Homoni kwa Vituo vya Mwansabombwe na Mwambao wa Ziwa Mweru



Mama wa miaka hamsini na kitu akilalamika kwamba mkojo unamchoma, ni rahisi mno kumwandikia antibiotiki. Akirudi, anaandikiwa nyingine. Hoja yangu ni kwamba baadhi ya kina mama hawa hawana maambukizi yoyote. Wana uke uliokauka, na dawa ya ukavu si antibiotiki.

Hedhi ikikoma, estrojeni hushuka. Ngozi ya ndani ya uke na ya njia ya mkojo huwa nyembamba, bakteria walinzi hupungua, na pH hupanda kupita 5. Ndipo huja mwasho, maumivu wakati wa tendo la ndoa, haja ndogo ya ghafla, na maambukizi ya njia ya mkojo (U.T.I.) yasiyokwisha. Mafukuto ya mwili hupoa kadiri miaka inavyopita. Ukavu haupoi wenyewe.

Kabla ya kutaja dawa, tuseme lile linaloonewa haya. Watafiti wameandika tangu miaka ya 1990 juu ya wanawake wa Zambia wanaojikausha kwa majani, unga wa dawa, kitambaa au sabuni, kwa kuwa wamefundishwa kwamba mume hupenda uke mkavu. Kwa msichana ni hatari. Kwa mama aliyekoma hedhi ni kujichubua kidonda. Banachimbusa, yaani kina mama wanaowafunda wanawali, ndio wanaosikilizwa katika mambo ya ndoa. Waalikwe mezani kama walimu wenzetu, wasikaripiwe, na waume nao waambiwe.

Baada ya hapo kuna vitu viwili tofauti vya kupunguza ukavu. Kilainishi hupakwa wakati wa tendo. Jeli ya kutia unyevu hutumiwa mara mbili au tatu kwa wiki, tendo liwepo lisiwepo. Chagua cha maji chenye pH karibu 4.5. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2012 kwamba ukolezi wa kilainishi usizidi 1,200 mOsm/kg, kwa maana vilivyokolea mno hunyonya maji ya ngozi na kuchoma. Mafuta ya mgando na ya kupikia huharibu kondomu za mpira. Tusiyashauri kwa wanaozitumia.

Jeli hizi zisidharauliwe. Utafiti wa Marekani uliotoka 2018, wenye wanawake 302, ulilinganisha kidonge cha estrojeni cha ukeni na jeli ya unyevu kwa wiki 12. Nafuu ya dalili iliyowasumbua zaidi ilikaribiana. Kuhusu leza ya kutibu ukavu nasema wazi: utafiti wa Australia wa 2021 haukuona tofauti kati yake na leza ya kuigiza. Mama asiuze muhogo wake kuifuata mjini.

Mambo mawili yasitupite. Kichocho cha sehemu za siri huleta maumivu na damu, na wanawake wetu wameingia majini, kinakoambukizwa, tangu utoto. Na damu yoyote baada ya hedhi kukoma isiitwe ukavu mpaka mlango wa kizazi ukaguliwe. Zambia imekuwa ikiukagua kwa siki tangu 2006.

Naomba basi kila kituo, kuanzia Mwansabombwe hadi Kashikishi, kipime mkojo kabla ya kuandika antibiotiki, na kimuulize kila mama wa umri huu, faraghani: tendo la ndoa linakuuma?