Hotuba juu ya Mishahara ya Bonde la Ufa na Wastani wa Nchi



Kamati imeniagiza niseme machache juu ya mishahara ya sehemu zetu ikilinganishwa na ya nchi nzima, kabla hamjaamua kama mchango wa kila mwezi uwe shilingi 500 kwa kila mwanachama, sawasawa.

Neno hili "wastani" lataka hadhari. Vibarua tisa wakipata shilingi 8,000 kila mmoja, na meneja wao akapata 200,000, wastani wao ni shilingi 27,200. Wala hapana hata mmoja kati yao apokeaye fedha hizo. Ndivyo ulivyo utajiri wa Nakuru. Kaunti yetu huhesabiwa miongoni mwa zile zizalishazo mali nyingi katika Kenya, lakini ndani ya hesabu hiyo umo umeme wa mvuke wa Olkaria, ambao mali yake ni kubwa na wafanyakazi wake wachache. Walio wengi wako katika maua ya Naivasha na mashamba mengine, na ukulima ni kati ya kazi zilipazo kidogo kabisa nchini.

Basi tuuache wastani, tutazame kima cha chini cha sheria. Kwa amri iliyoanza Novemba 2024, kibarua wa kawaida katika Nairobi aliwekewa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, mbali na fedha za nyumba. Na kima cha mjini Nakuru ki karibu na hicho kuliko cha shamba. Mfanyakazi wa shamba asiye na ufundi, awe Njoro, Molo au Subukia, aliwekewa 7,997.33. Haifiki nusu. Kweli, mashamba yenye mapatano na chama cha wafanyakazi hulipa zaidi. Lakini shamba dogo la viazi halina mapatano na mtu.

Tofauti hii si ya jana. Mwaka 1954 kamati ya Bwana F. W. Carpenter ilieleza kwamba mshahara wa Mwafrika ulikadiriwa kwa mahitaji ya mseja, ikashauri upandishwe hata umtoshe mtu na jamaa yake. Lakini viwango vya siku zile viliwekwa kwa ajili ya miji. Skwota katika mashamba ya wazungu alihesabiwa kuwa ana kipande cha kulima na malisho, kwa hiyo fedha kidogo zamtosha. Kipande kile kiliondoka. Fedha kidogo zikabaki.

Sasa tupime hizo shilingi 500. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi, kibarua wa Nairobi huzipata kabla siku moja haijaisha. Wa shambani hutoa zaidi ya siku moja na nusu. Nanyi mwaijua kanuni yetu: asiyelipa miezi mitatu hupoteza msaada wa mazishi. Tukipitisha mchango huu, tutawafungia mlango wale wale ambao kwa ajili yao chama kiliundwa.

Shauri langu, wala si la Kamati yote, ni kwamba kila mwanachama atoe ujira wake wa siku moja, karani wa kwake na mkata maua wa kwake, na msaada wa msiba uwe sawa kwa wote. Mtunza hazina amenipinga, akisema kuandika hesabu za namna hiyo ni taabu. Taabu hiyo naomba niichukue mimi.